Barua zenu: Kwa nini kinga yangu si kama ya mwenzangu?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: chanjo ileile au ugonjwa uleule, watu wawili, matokeo mawili. Nimechagua saba. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Mtanivumilia nikikaa sana kwenye zile tatu za mwanzo, kwa sababu majibu ya nyingine yanaegemea humo.

Daktari, nina mapacha wa kufanana, wasichana wa miaka minne. Walichomwa chanjo ya mafua siku moja na muuguzi mmoja. Usiku ule yule mkubwa alipanda homa hadi nyuzi 38.9, mkono ukavimba, akalia mpaka alfajiri. Mdogo wake hata hakuonekana kama amechomwa sindano. Jirani ananiambia kwa huyu wa pili chanjo haikushika, nimrudishe achanjwe tena. Na kama ni mapacha wa kufanana, si damu yao ni moja? (Mama wa Mapacha)

Mama, usimrudishe kwa sababu hiyo. Homa si kipimo cha chanjo kushika.

Sindano ikiingia kwenye msuli, seli za ulinzi zilizo palepale ndizo zinazogutuka kwanza. Hizi hazijui adui kwa jina. Zikihisi tu kwamba kuna kitu kigeni, humwaga kemikali zinazotanua mishipa midogo ya damu, na ndiyo maana mkono huvimba na kuwa wa moto. Kemikali hizohizo zikifika kwenye ubongo, joto la mwili hupandishwa. Mambo haya huanza na kwisha ndani ya siku moja au mbili, na wakati huo kingamwili tunazozingoja, yaani protini za damu zinazomnasa adui, bado hazijatengenezwa. Kwanza seli B, zinazotengeneza kingamwili, na seli T, zinazozisaidia, zikutane kwenye tezi za kwapani, zitambuane, zianze kuzaliana. Kingamwili huanza kuonekana kwenye damu baada ya wiki moja hivi, kisha huendelea kupanda. Kwa hiyo homa ya usiku wa kwanza inaeleza hatua ya kwanza tu. Zipo tafiti zilizoona kwamba waliopata homa walikuwa na kingamwili juu kidogo kwa wastani. Lakini kwenye majaribio makubwa ya mwaka 2020 ya chanjo za UVIKO-19, watu wengi hawakupata homa hata kidogo, na chanjo mbili za kwanza za mRNA (zinazoupa mwili maelekezo ya kujitengenezea protini ya kirusi) zilizuia ugonjwa kwa zaidi ya asilimia 90. Wale wasio na homa walikingwa pia.

Sasa hilo la damu moja. Wanao walianza na vinasaba vilevile, ni kweli. Ila mfumo wa kinga una tabia ambayo sijaiona kwingine mwilini: seli zake hukata vipande vya jeni zake zenyewe na kuviunga upya kwa kubahatisha, kila seli B na kila seli T kwa namna yake. Aliyelifumbua jambo hili upande wa kingamwili ni Susumu Tonegawa, mwanasayansi wa Japani, na mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwa kuunga huko, jeni chache hutoa mamilioni ya maumbo ya kingamwili. Na kwa kuwa ni bahati nasibu, seli zilizomo mwilini mwa mkubwa si nakala ya zilizomo mwilini mwa mdogo wake, hata kama walitoka kwenye yai moja.

Kisha yapo maisha yenyewe. Mmoja alipata mafua mwezi uliopita, mwenziwe akaharisha. Hata bakteria wanaokaa utumbo wa mmoja si walewale wa mwenzake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha kazi waliyoifanya kwa mapacha 210, wa miaka 8 hadi 82. Walipima mambo zaidi ya 200 ya mfumo wa kinga, wakakuta robo tatu ya hayo yanaongozwa zaidi na vitu visivyorithiwa. Mapacha wadogo walifanana zaidi kuliko mapacha wazee. Kulikuwa na jambo moja lililonishangaza niliposoma kazi ile: kirusi kimoja cha kawaida kiitwacho saitomegalovirusi, ambacho watu wengi wanacho bila kujua, kilipompata pacha mmoja na kumwacha mwenzake, zaidi ya nusu ya vipimo vyao vilitofautiana. Kirusi kimoja tu, tena kisichomlaza mtu kitandani.

Nisikudanganye kwamba vinasaba havina neno. Kwa watoto wachanga vina uzito mkubwa. Utafiti wa mapacha wachanga nchini Gambia ulionyesha hivyo kwa chanjo kadhaa. Urithi ndio unaoanza, na kadiri mtoto anavyokua, yale anayokutana nayo yanazidi kuandika juu yake.

Huyo aliyepanda homa mpe vinywaji vya kutosha na nguo nyepesi. Homa ikipita siku mbili, au akilegea, au akikataa kunywa, mpeleke kwa daktari, maana huenda ni ugonjwa mwingine uliojipenyeza wakati uleule.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Nimemaliza dozi zote tatu za chanjo ya homa ya ini B. Kipimo kikaonyesha kingamwili ni chini ya 10. Wenzangu tuliochanjwa nao wote wako juu, mmoja ana zaidi ya 1,000. Nimejisikia kama mwili wangu una kasoro. Nifanye nini? (Muuguzi, miaka 46)

Ndugu yangu, 10 ndiyo namba ya chini ya kuhesabiwa umekingwa. Hali yako ina jina na ina utaratibu wake, na inawapata watu wazima wenye afya njema kabisa: kati ya 5 na 10 katika kila 100.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefanya kazi kwenye maabara ya kinga, na kama ungekaa nami siku moja ungeliona jambo hili kwa macho. Tunatumia kisahani cha plastiki chenye visima 96, kila kisima kidogo kuliko ncha ya kidole. Unaweka seramu, yaani maji ya damu bila seli, ya mtu mmoja kwenye kisima chake, unaosha, unaongeza kimiminika cha rangi, unasubiri. Visima vinaanza kugeuka buluu. Ukidondosha asidi, buluu inakuwa njano. Watu waliochanjwa wiki moja, chanjo ya kundi moja, wanakaa mbele yako mstari mmoja: huyu njano imekoza, huyu hafifu, yule wa kona maji matupu. Unarudia kipimo ukidhani umekosea, na kisima kile kinabaki maji matupu. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba kuna mwili wa kawaida ambao sote tunapaswa kufanana nao.

Sababu ya kwanza ni molekuli ziitwazo HLA. Kila seli huvunjavunja protini zilizomo ndani yake na kutoa vipande vidogo juu ya ngozi yake, vikiwa vimeshikwa na molekuli hizi, ili seli T zipite na kuvikagua. Bila HLA kukishika kipande, seli T hazioni kitu. HLA ni kama wavu wa kuvulia: matundu yake ndiyo yanayoamua samaki yupi anaswe na yupi apite. Na hakuna jeni za binadamu zenye sura nyingi kama hizi. Zilizokwisha kuorodheshwa zimepita 30,000. Jean Dausset wa Ufaransa ndiye aliyeieleza ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 alishiriki Tuzo ya Nobel. Wengi tumezisikia kwenye habari za kupandikiza figo, kwa kuwa ndizo zinazofanya mwili ukatae kiungo cha mtu mwingine. Kazi yake ya kila siku, hata hivyo, ni hii ya kuonyesha vipande. Chanjo ya homa ya ini B imetengenezwa kwa protini moja tu ya kirusi, kwa hiyo mwenye HLA zisizokishika vizuri kipande chochote cha protini ile hana njia nyingi za kuzunguka.

Zipo sababu nyingine, na katika barua yako naiona moja: umri. Ukivuka miaka 40, mwitikio wa chanjo hii hushuka. Sigara huushusha, unene uliozidi pia, ugonjwa wa figo vilevile. Wanaume huitikia kidogo kuliko wanawake. Hata mahali pa kuchomea pana neno: sindano iliyopigwa kwenye tako huishia kwenye mafuta na kutoa kingamwili chache kuliko ya begani. Jikumbushe ulichomwa wapi.

La kufanya ni hili. Uliza kipimo chako kilichukuliwa lini. Kinatakiwa kufanywa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Kikifanywa baada ya miaka, namba huwa imeshuka hata kwa mtu aliyeitikia vizuri. Kama kilifanywa kwa wakati, rudia mzunguko mzima wa dozi, kwenye msuli wa bega, kisha upimwe tena. Wengi hupanda safari ya pili. Ukibaki chini ya 10, upimwe kama kirusi chenyewe kimo mwilini, maana mtu mwenye maambukizi sugu hapandi kwa chanjo. Kama hakimo, basi wewe ni mtu asiyeitikia chanjo hii, na kituo chako lazima kijue. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, unahitaji kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, zinazotolewa kwa sindano, tena upesi. Andika jambo hilo kwenye faili lako la kazini kabla halijatokea.

Mwaka 2021 nyumbani kwetu watu sita tulipimwa na kukutwa na UVIKO-19. Mama mwenye miaka 70 na kisukari alikohoa siku tatu. Mimi sikuhisi chochote. Kaka yangu wa miaka 41, mcheza mpira, asiyejua hospitali, alikaa kwenye oksijeni wiki mbili. Watu wakasema kuna ugonjwa aliokuwa anauficha. Alipona, lakini neno lile linamuuma hadi leo. (Mdogo Mtu)

Mpe kaka yako pole yangu, na msomee sehemu hii.

Kirusi kikiingia, seli iliyovamiwa hutoa protini iitwayo interferoni kuzionya seli za jirani zijifunge. Jina hilo lilitolewa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, Uingereza. Onyo hili ndilo linalokipunguza kasi kirusi katika zile siku za kwanza, wakati kingamwili bado. Sasa, mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Jean-Laurent Casanova lilichunguza damu ya wagonjwa 987 waliozidiwa na UVIKO-19. Wagonjwa 101 miongoni mwao walikuwa na kingamwili zinazozima interferoni zao wenyewe. Miongoni mwa watu 663 walioambukizwa bila dalili au kwa dalili nyepesi, hakukutwa hata mmoja. Na katika wale 101, wanaume walikuwa 95.

Watu hao hawakuwa wameficha kitu. Kingamwili zile hazina dalili. Mtu anakimbia, anacheza mpira, anafanya kazi, mpaka siku anapokutana na kirusi ambacho mwili wake haujawahi kukiona, na onyo linapigwa lakini halisikiki. Wagonjwa wengine walikutwa na hitilafu za jeni kwenye njia hiyohiyo ya interferoni. Sisemi ndicho kilichompata kaka yako, kwa kuwa hakupimwa. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye nguvu kuzidiwa na ugonjwa ambao mama mzee ameupita kwa kikohozi ni jambo lenye maelezo ya kisayansi, na wala halihitaji siri.

Kwako wewe usiyehisi chochote, huenda yakawa mengine. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba sura moja ya HLA, iitwayo HLA-B*15:01, ilikuwa kwa asilimia 20 ya walioambukizwa bila dalili na kwa asilimia 9 tu ya walioumwa. Maelezo yake ni mazuri: HLA hii hushika kipande cha kirusi kinachofanana sana na kipande cha virusi vya korona vya mafua ya kawaida. Seli T za kumbukumbu zilizowahi kuyaona mafua hayo huingia kazini mara moja.

Na iko bahati ya kawaida, ambayo watu huisahau. Kiasi cha virusi ulichovuta, ulikuwa karibu kiasi gani na mgonjwa, chumba kilikuwa na hewa au kilifungwa. Watu sita wa nyumba moja hawapokei kiasi kimoja.

Hili halikuanza na UVIKO. Kwenye VVU kuna wachache, chini ya mmoja katika kila 100, wanaokizuia kirusi kwa miaka bila dawa, na HLA za kundi la B*57 hukutwa kwao mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wengine. (Asisome mtu hapa akaacha dawa zake, hao hutambuliwa kwa vipimo vya mara kwa mara.) Kwenye kifua kikuu, inakadiriwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na kati ya 5 na 10 katika kila 100 ndio watakaougua maishani mwao. Kuambukizwa ni jambo moja na kuugua ni jingine. Katikati yake ndipo kinga ya kila mtu inapofanya kazi yake.

Kuna vidonge na poda za kuongeza kinga. Nitumie ipi? (Msomaji)

Hakuna ninayoweza kukupendekezea. Kinga si kitu cha kuongeza tu; wagonjwa wengi wa UVIKO waliokufa, waliuawa na kinga iliyochelewa kisha ikafurika na kuharibu mapafu. Kama una upungufu wa kweli wa zinki, vitamini A au protini, kuujaza kunasaidia sana, na upungufu hupimwa. Vitamini C ya kila siku haiwazuii watu wa kawaida kupata mafua. Hufupisha siku za ugonjwa kwa kama asilimia 8 kwa watu wazima. Usingizi una ushahidi mzuri kuliko vidonge vingi. Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walichapisha walichokipata kwa watu 164. Waliwapima usingizi kwa wiki moja kwa kifaa cha mkononi, kisha wakawadondoshea puani kirusi cha mafua ya kawaida na kuwaweka hotelini kuwaangalia. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano wa kuugua mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba. Pesa ya poda iweke, na simu uizime mapema.

Nina miaka 29 na nimeambiwa nina lupasi. Dada yangu ana tatizo la tezi la shingo, daktari anasema nalo ni la kinga. Kaka zetu watatu hawana kitu. Je, sisi wanawake kinga yetu ni mbovu? (Dada Mkubwa)

Dada, ni kinyume chake, na ndiyo sababu ya shida. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe.

Kinga ya mwanamke kwa kawaida huitikia kwa nguvu zaidi. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi ya kuwapa watu nusu ya dozi ya chanjo ya mafua: wanawake waliopata nusu dozi walitoa kingamwili zilizokaribiana na za wanaume waliopata dozi nzima. Sehemu ya sababu ni homoni, kwani testosteroni huelekea kuituliza kinga na estrojeni huichochea kwa namna nyingi. Sehemu nyingine ni kromosomu X, ambayo imebeba jeni nyingi za kinga. Mwanamke ana mbili. Moja huzimwa katika kila seli ili uwiano uwepo, ila uzimaji wake si kamili. Jeni iitwayo TLR7, inayotambua vinasaba vya virusi, huponyoka katika baadhi ya seli na kufanya kazi kwenye kromosomu zote mbili. Ni faida mafua yakija. Lakini kwenye lupasi jeni hiyohiyo ni miongoni mwa zinazoifanya kinga ivishambulie vinasaba vya mwili wenyewe.

Ndiyo maana katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, 9 hivi ni wanawake, na kwa magonjwa ya kinga kujishambulia yote kwa jumla ni kama 4 kati ya 5. Wewe na dada yako kupata magonjwa mawili tofauti pia si ajabu, kwa sababu familia hurithishana mwelekeo zaidi kuliko ugonjwa wenyewe.

Mambo mawili uyashike. Dawa zako za kutuliza kinga zinaweza kupunguza mwitikio wa chanjo, na chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa huenda zisikufae ukiwa unazitumia. Kwa hiyo kabla ya chanjo yoyote mtajie muuguzi dawa zako zote, hata zile unazoona hazihusiani. Na ukitaka mtoto, ongea na daktari wako mapema, kabla ya kushika mimba. Kinga hubadilika wakati wa ujauzito: wagonjwa wengi wa baridi yabisi hupata nafuu, lakini lupasi inaweza kuamka, na ni salama zaidi kuanza ikiwa imetulia kwa miezi kadhaa.

Baba ana miaka 78. Anakataa chanjo ya mafua, anasema mwili wake umeshaona kila kitu na kwamba kwa wazee chanjo hazifanyi kazi. Nimjibu nini? (Mtoto wa Mzee)

Mwambie kwa heshima kwamba la kwanza lina ukweli ndani yake. Mafua ya kwanza mtu kuugua utotoni huacha alama ya maisha. Mwaka 2016 watafiti walipanga wagonjwa wa mafua ya ndege kwa mwaka wa kuzaliwa, wakaona mpaka kwenye mwaka 1968, ulipoingia ulimwenguni mafua ya aina ya H3N2. Waliozaliwa kabla ya hapo walikuwa na kinga fulani dhidi ya H5N1, aina moja ya mafua ya ndege, na waliozaliwa baadaye dhidi ya aina nyingine, H7N9. Kwa hiyo mzee wako amebeba kumbukumbu ambayo wewe huna, kama ulivyo nawe na yako.

Lakini mafua ya kila mwaka hubadilisha sura, na kwa sura mpya zinahitajika seli mpya. Seli T hukomaa kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, iitwayo thaimasi. Tezi hiyo huanza kusinyaa tangu ujana, na uzeeni sehemu kubwa yake ni mafuta. Ndiyo sababu wazee huitikia kidogo, na ndiyo sababu walitengenezewa chanjo zao. Ipo chanjo ya mafua ya walio na miaka 65 na kuendelea yenye antijeni (vipande vya kirusi vinavyoifundisha kinga) mara nne ya ile ya kawaida. Ipo pia chanjo ya mkanda wa jeshi iliyoongezewa kichocheo, ambayo kwa watu wa miaka 70 na zaidi ilizuia ugonjwa kwa karibu asilimia 90. Hilo la kwamba chanjo hazifanyi kazi kwa wazee si kweli. Na ninyi mnaoishi naye mchanjwe pia, msimpelekee mafua.

Mwanangu aliugua surua akiwa na miezi minane, kabla hajafikia chanjo. Sasa ana mwaka na nusu na haipiti mwezi bila kikohozi, sikio au kuharisha. Dada yake alichanjwa na hakuwahi kuwa hivi. Ni hali yake tu au ni ile surua? (Mama wa Wawili)

Mama, yawezekana sana ni ile surua.

Alizaliwa akiwa na kingamwili zako, zilizopita kwenye kondo la nyuma. Hizo humlinda mtoto kwa miezi ya mwanzo, na hizohizo huizuia chanjo ya surua isishike akichanjwa mapema mno, ndiyo maana husubiriwa hadi miezi 9 au 12. Tatizo ni kwamba kingamwili za mama huisha mapema kwa mtoto mmoja na kuchelewa kwa mwingine. Wako zilimwishia kabla ya siku ya chanjo.

Surua ina ubaya ambao magonjwa mengine hayana. Kirusi chake huingia moja kwa moja kwenye seli za kumbukumbu na kuziua. Upele ukiisha, mtoto ana kinga nzuri ya surua, lakini amesahau mengine aliyokwisha kujifunza. Mwaka 2019 damu za watoto 77 ambao hawakuwa wamechanjwa zililinganishwa, kabla na baada ya surua: walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Hata hapo mnaiona tofauti ya mtu na mtu, mmoja amepoteza kidogo na mwingine karibu robo tatu, kwa kirusi kilekile. Chanjo ya surua haina madhara haya, na binti yako ni mfano.

Kumbukumbu hurudi, ila hurudi kwa kukutana na vijidudu upya, na huchukua miaka miwili hadi mitatu. Mpeleke kliniki na kadi yake. Dozi yoyote iliyopitwa aipate, pamoja na za surua zenyewe, kwa sababu chanjo hiyo kwa kawaida haiji peke yake, imechanganywa na rubela. Uliza kama alipewa vitamini A alipougua. Mtoto mwenye surua hupewa dozi mbili kwa siku mbili mfululizo, na kama hakupewa wamwangalie macho na ukuaji wake. Mwambie daktari waziwazi kwamba aliugua surua na mwezi gani, maana kikohozi kinachorudi kwa mtoto wa namna hii hakistahili kusubiriwa nyumbani. Na kama bado ananyonya, endelea.